KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Ndugu msomaji, mwizi akijificha chumbani mwako, utasema ameondoka kwa sababu humwoni sebuleni? La hasha! Lakini ndivyo wanavyofanya watu wanaoacha dawa za Ukimwi wakidhani wamepona.

Mwaka jana shangazi yangu aliambiwa hospitalini kuwa virusi havionekani tena katika damu yake. Sote tulifurahi. Jirani mmoja akamwambia ati amepona kabisa, ya nini kumeza tembe kila siku? Shangazi akaziacha. Baada ya miezi kadhaa alikuwa hoi kitandani, nami nikawa namchotea maji kabla ya kuja shuleni.

Mwalimu wa Bayolojia ndiye aliyenifumbua macho. Virusi hivi huchomeka jeni zao katika jeni zetu, ndani ya kiini cha chembe nyeupe za damu. Humo huweza kulala kimya miaka mingi. Vikiamka, hutumia protini yao ndogo iitwayo Tat. Protini hii huundwa nje ya kiini, lakini haitulii huko, huingia kiinini. Ikifika, hushika mwanzo wa nakala ya jeni za virusi, kisha huita protini za chembe yetu wenyewe ziisaidie. Bila Tat, kazi ya kunakili hukatika mapema. Tat ikiwapo, nakala kamili hutoka kwa wingi, na virusi vipya huundwa.

Basi kipimo cha damu hutazama sebuleni tu. Nazo tembe huzuia virusi kuenea, lakini haziwezi kung'oa jeni zilizokwisha kuchomekwa. Ukiacha tembe, waliolala huamka.

Wengine watasema mambo haya ni ya madaktari. Jamani, mimi sikubaliani nao! Mgonjwa anayeambiwa "meza" bila kuelezwa sababu atashawishiwa na jirani yeyote. Shangazi angejua adui yuko wapi, asingeacha dawa.

Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Maoni yangu ni kwamba tusiyaache masomo haya daftarini hadi siku ya mtihani. Tuwaeleze wazazi na majirani kwa Kiswahili wanachokielewa.

Shangazi alirudia tembe zake, na sasa anauza mboga sokoni kama zamani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wetu hata nguoni hayumo, yumo kiinini.