Droo Inayogoma Masika

Tumekuta meza nyingi za walimu ambazo droo zake hazifunguki wakati wa mvua, na lawama zote humwangukia seremala. Lakini Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu na vumbi. Ubao hunywa unyevu ukavimba kwa upana, si kwa urefu. Droo iliyobanwa barabara Oktoba, Februari hugoma.

Wapo wanaosifu reli za chuma zenye gololi. Hizo hudai nafasi ya karibu milimita 12.5 kila upande, na vumbi letu haliziachi salama. Kwa shule ya msingi twapendelea reli za mninga zilizopakwa nta ya mshumaa: mtoto aweza kuziranda mwenyewe, akikosea akarudia.

Basi, ndugu mwanachuo, usiwatajie watoto nafasi ya kuacha. Wapime ubao mpana uleule Oktoba na tena Februari, waandike, wabishane. Tumepata kumwona mwalimu akimnyang'anya mtoto randa ili kazi ipendeze siku ya ukaguzi. Droo ilipendeza kweli. Mvua ziliponyesha ikagoma, na mtoto hakuwa na la kueleza.