Don Fox hakupoteza fainali peke yake

JINA la Don Fox halitajwi kwenye vijiwe vyetu vya soka. Hakuwahi kucheza kandanda la kulipwa. Alikuwa mchezaji wa raga, tena ile raga ya wachezaji 13 inayopendwa zaidi kaskazini mwa Uingereza, kwenye miji ya migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo. Hata hivyo, kila tunapomwona kijana amesimama mbele ya mpira dakika ya mwisho, uwanja mzima umeshika roho, sisi humkumbuka huyu bwana. Leo tunataka msomaji wetu naye amjue.

Twende Wembley, jijini London, Mei 11, 1968. Ni fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la raga hiyo ambalo lilianza msimu wa 1896/97. Leeds dhidi ya Wakefield Trinity, timu mbili za jimbo moja la Yorkshire, majirani wasiopendana. Watu 87,100 wamo uwanjani na wengine wengi wanatazama kupitia televisheni ya BBC.

Huo haukuwa msimu wa kubahatisha kwa timu yoyote kati ya hizo. Leeds ilimaliza ligi ikiwa kileleni. Wakefield, wiki moja tu kabla ya Wembley, ilitwaa ubingwa wa nchi kwa kuifunga Hull Kingston Rovers 17-10. Huo ulikuwa ubingwa wake wa pili mfululizo. Katika miaka ya 1960 ilikuwa imeshabeba Challenge Cup mara tatu, 1960, 1962 na 1963. Kwa hiyo Wakefield ilikwenda London kutafuta mataji mawili ndani ya wiki moja.

Kisha mbingu zikafunguka. Mvua kubwa ya radi ilipiga Wembley hadi uwanja ukageuka bwawa. Kila mchezaji aliyeteleza alirusha maji kama mtoto anayechezea dimbwi, na mpira ukawa haudundi, unaganda palepale. Waingereza mpaka leo wanaiita Fainali ya Madimbwi. Kwa macho ya leo mtu angeuliza: kwa nini haikuahirishwa? Lakini ilichezwa, na ilichezwa mpaka mwisho.

Kwa ambao hawaifuatilii raga, hesabu ya siku zile ilikuwa hivi: kuweka mpira chini, nyuma ya mstari wa mpinzani, yaani trai, ni pointi tatu. Baada ya trai unapewa mkwaju wa nyongeza, ukipita katikati ya milingoti na juu ya mwamba ni pointi mbili. Mkwaju wa penalti nao ni pointi mbili. Mkwaju wa nyongeza hupigwa kwa kunyooka na pale trai ilipofungwa. Ukifunga pembeni, mpigaji ana kazi ngumu ya kutafuta kona. Ukifunga katikati ya milingoti, mpigaji anatazamana na goli uso kwa uso, hakuna kipa wala ukuta.

Wakefield ilitangulia. Ken Hirst alifunga trai, Don Fox akaongeza mikwaju miwili, na hadi mapumziko ilikuwa 7-4. Kipindi cha pili ndipo maneno yalipoanza. Winga wa Leeds, John Atkinson, alikuwa akiufukuzia mpira kuelekea mstari wa Wakefield, mwamuzi John Hebblethwaite akaona amezuiwa kinyume cha sheria, akatoa trai ya penalti. Mashabiki wa Wakefield hawakuikubali siku ile, na ubishi wake haujaisha. Bev Risman akapiga wa nyongeza, 9-7. Dakika zikiwa zimekwisha kabisa, Risman akapiga penalti nyingine, 11-7. Mashabiki wa Leeds wakaanza kuimba. Kombe lao.

Katika raga hiyo aliyefungwa ndiye anayeanzisha mpira. Wakefield hawakuupiga juu na mbali kama ilivyozoeleka. Don Fox aliupiga chini chini, ukasota majini, wachezaji wa Leeds wakateleza kuukosa. Hirst akatokea, akautanguliza kwa mguu, akaukimbilia, akaulalia katikati kabisa ya milingoti. Trai! Matokeo 11-10, muda umekwisha, umebaki mkwaju mmoja wa nyongeza. Ukiingia, Wakefield 12, Leeds 11. Na mkwaju wenyewe uko mbele ya goli.

Mpigaji wa kawaida wa Wakefield alikuwa Neil Fox, mdogo wake Don. Neil ndiye mfungaji bora wa pointi katika historia ya mchezo huo, pointi 6,220. Katika fainali ya 1960 alifunga pointi 20 peke yake. Lakini siku hiyo Neil alikuwa nje kwa majeraha. Mpira ukawekwa mbele ya kaka.

Don akautengeneza mpira, akafuta kiatu, akarudi nyuma, akaenda. Mguu wa kusimamia ukateleza kwenye maji. Mpira ukatoka pembeni mwa mlingoti. Filimbi. Leeds wakaruka juu, Don akaanguka magotini katikati ya dimbwi. Mtangazaji wa BBC, Eddie Waring, alishindwa kuficha huruma yake hewani.

Sasa kuna jambo linalosahaulika. Kabla ya mkwaju ule, waandishi wa habari walikuwa wameshapiga kura ya mchezaji bora wa fainali, anayepewa tuzo ya Lance Todd. Waliyemchagua alikuwa Don Fox. Yaani mtu yule yule aliyekuwa amepiga magoti kwenye maji akilia ndiye waliyemwona kuwa bora kuliko wote 26 walioanza mchezo. Akakabidhiwa tuzo yake akiwa hana raha nayo hata kidogo.

Mwaka 1946, Wakefield hiyo hiyo ilibeba kombe hilo kwa kuifunga Wigan 13-12, na penalti ya ushindi ilipigwa na nahodha wake Billy Stott dakika za mwisho. Stott ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Lance Todd. Wachezaji wawili wa klabu moja wamepata tuzo moja, kila mmoja akiwa na mkwaju wa mwisho mguuni. Mmoja akabaki shujaa, mwingine akabaki 'yule aliyekosa'. Tofauti yao ni hatua chache za mpira na maji yaliyokuwa chini ya kiatu.

Na huyu Don alikuwa nani kabla ya hapo? Mtoto wa kijiji cha Sharlston, nje kidogo ya Wakefield, mzaliwa wa familia ya mchimba makaa. Kaka yake Peter alikuja kuwa kocha mkubwa, akaipa Featherstone Rovers Challenge Cup mwaka 1973 na baadaye akafundisha timu ya taifa. Don mwenyewe aliitumikia Featherstone miaka 12, akafunga trai 162 na kuweka rekodi ya klabu, akavaa na jezi ya timu ya taifa. Alihamia Wakefield mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, Featherstone aliyoiacha ikaenda Wembley na kubeba kombe bila yeye. Mwaka uliofuata ikawa zamu yake, nayo ikaishia dimbwini.

Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 72. Miaka 40 ilikuwa imepita, na bado taarifa za kifo chake zilianza na mkwaju ule. Trai 162 zikaja baadaye, kwa wale waliosoma hadi chini.

Tunayasimulia haya kwenye ukurasa wa wapenzi wa soka kwa sababu sisi ni wale wale. Tazama mifano ya kwetu. Roberto Baggio aliifikisha Italia fainali ya Kombe la Dunia 1994 kwa mabao yake matano, akapaisha penalti ya mwisho dhidi ya Brazil. Nani anakumbuka kuwa siku ile ile Franco Baresi na Daniele Massaro nao walikosa? Asamoah Gyan aligonga mwamba dakika ya mwisho ya nyongeza, Ghana dhidi ya Uruguay, Julai 2, 2010, Afrika nzima ikashika kichwa. Wangapi wanakumbuka kwamba dakika chache baadaye, ilipofika hatua ya matuta, ni Gyan huyo huyo aliyejitokeza kupiga wa kwanza, na akafunga? Ule ndio ujasiri wa kusimuliwa watoto, lakini sisi tunasimulia mwamba tu.

Huku mitaani tumeongeza na ya kwetu. Mchezaji akikosa penalti Jumamosi, Jumapili asubuhi kijiwe kizima kimeshaamua: kahongwa, kauza mechi. Ushahidi hakuna. Namba yake ya simu inasambazwa, mkewe anatukanwa, wanawe wanazomewa shuleni. Na wanaofanya hivyo ndio waliokuwa wanaimba jina lake wiki iliyopita.

Tuseme ukweli, shabiki ana haki yake. Kanunua tiketi, kapanda daladala mbili, kaloa mvua, kapoteza sauti. Ana haki ya kukasirika, kulalamika na kusema fulani leo kacheza ovyo. Mchezaji anayekuja mazoezini amechoka na starehe, anayetembea uwanjani wenzake wakikimbia, asemwe, tena asemwe sana. Lakini kukosoa uzembe na kumwinda mtu aliyeteleza ni vitu viwili. Don Fox hakuzembea. Yeye ndiye aliyeupiga mpira ule wa chini uliozaa trai ya mwisho. Bila yeye usingekuwapo mkwaju wa kukosa.

Na hesabu ya mechi haidanganyi. Leeds ilishinda kwa pointi moja. Trai ya Atkinson ilikuwa pointi tatu, mikwaju minne ya Risman pointi nane. Wakefield iliruhusu penalti ambazo ingeweza kuzizuia, ikiwamo ile ya dakika za mwisho. Makosa ya timu nzima kwa dakika 80 ndiyo yaliyomfikisha Don mbele ya milingoti akiwa na mzigo wa kila mtu mabegani. Sisi tukachagua kuukumbuka mguu mmoja.

Kwa haya tuna maneno kwa pande tatu.

Makocha na viongozi wa klabu: andaeni mpigaji wa pili na wa tatu kama mnavyomwandaa wa kwanza. Majeraha hayapigi hodi. Tena mchezaji akikosa, kiongozi wa kwanza kufika kwake awe kocha, na wa kwanza kusema mbele ya vipaza sauti awe kocha, aseme tumepoteza. Si 'yeye amepoteza'. Tumechoka kuona mabenchi yanayogawana ushindi lakini kipigo yanamwachia mtoto wa watu.

Waandishi, yaani sisi wenyewe: pale Wembley wenzetu waliitazama mechi na wakapiga kura kwa haki. Kisha kwa miaka 40 taaluma yetu ikarudia picha moja ya sekunde chache. Gazeti hili nalo halina mikono misafi. Tumewahi kuweka sura ya kijana aliyekosa ukurasa wa mbele kwa wino mkubwa kwa sababu inauza. Ripoti ya mechi inapaswa kubeba dakika zote, si ile ya mwisho peke yake.

Na nyie mashabiki, ambao bila nyie hakuna mchezo: siku timu yenu ikikosa penalti, hesabuni kwanza mpaka kumi. Jiulizeni nani mwingine aliomba kuupiga mpira ule. Mara nyingi wachezaji wakubwa, wenye majina na mishahara, wameinamia viatu vyao kujifanya wanafunga kamba. Aliyekosa ni yule aliyethubutu kusogea. Mkimmaliza huyo, msishangae msimu ujao mkikosa wa kusogea.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wakefield haijalibeba tena Challenge Cup tangu siku ile ya mvua, na watu wa mji ule wana sababu zote za kuuma meno. Lakini Don alibaki kuwa mtu wao, na tuzo yake ya mchezaji bora ipo kwenye orodha, mwaka 1968, jina lake limeandikwa, hakuna aliyelifuta.

Wikiendi hii mechi zinarudi. Mahali fulani, dakika ya mwisho, kijana atauweka mpira chini na kurudi nyuma hatua tano. Akifunga, mshangilieni. Akikosa, mpigieni makofi akitoka uwanjani, halafu Jumatatu tukutane kijiweni tuzungumzie dakika nyingine 89.