E mbili zilivyoniponza mlimani

Wiki hii tunagonga ung'eng'e kidogo, lakini usikimbie, hakuna mtihani. Nataka kukusimulia jinsi herufi mbili tu, e na e zilizokaa bega kwa bega, zilivyomkosesha mama wa watu kilele cha Mlima Meru. Na mimi zikanikosesha kibarua.

Ilikuwa 2012. Nilikuwa kijana wa hapa Themi mwenye mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, nimepata nafasi ya kumsaidia mwongoza wageni. Siku ya pili tukatoka Miriakamba kuelekea Saddle. Mbele yupo askari wa hifadhi na bunduki yake, maana nyati wa kule hawana utani. Mimi nipo nyuma kabisa na mama mmoja wa Kizungu, umri wa bibi yangu.

Katikati ya njia mama akasimama. "My heel," akasema.

Nikatazama juu. Kilima kipo, tena kirefu. Nikamjibu kwa bashasha, "Yes mama, big hill!"

"My heel, it hurts."

Hilo "my" nikalipita kama mtu anayepita kituo cha daladala. Nilidhani Wazungu ndivyo walivyo, hata vilima wanajimilikisha. Nikampa moyo: pole pole mama, kilima kinakaribia kwisha. Alinitazama weee, akatabasamu, akaendelea kupanda.

Tulipofika Saddle akavua kiatu. Soksi imegandana na damu. Kumbe "heel" ni kisigino, ndugu yangu. "Hill" ndiyo kilima. Na plasta zilikuwa kwenye begi langu muda wote!

Usiku wa manane wenzake wakawasha tochi, wakaondoka kwenda kileleni, zaidi ya mita 4,500. Yeye akabaki kitandani, nami nikaachwa nimwangalie. Aliniambia alikuwa ameitunzia hela safari ile kwa miaka. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Badala yake akachukua penseli na karatasi ya biskuti, akaandika maneno mawili mawili. "Sheep" kondoo, "ship" meli. "Feet" nyayo, "fit" kukaa sawasawa, kama nguo inavyokukaa. "Peel" kumenya, "pill" kidonge. Halafu akaandika "sleep" na "slip", akaanza kucheka mwenyewe. La kwanza kulala, la pili kuteleza. Duh! Siku nzima, kila tulipofika kwenye jiwe lenye utelezi, nilikuwa namwonya: "Careful mama, you will sleep!"

Ukitaka kujua kwa nini tunachanganya, sababu ni rahisi. Kiswahili kina irabu tano, basi. Kwenye i tunayo moja tu. Mwingereza anazo mbili, na kwake ni tofauti kama dagaa na sangara. Ile ya "heel" ni ndefu, midomo unaivuta pembeni kama unayecheka. Ndiyo maana wapiga picha wa kizungu wanakwambia useme "cheese". Ile ya "hill" ni fupi, taya limelegea, sauti imekaa mahali fulani kati ya i yetu na e yetu. Sisi zote mbili tunazitia kwenye kapu moja. Unakuta mtu ana "digrii" yake safi, "refarii" anamwita kwa i mbili bila kukosea, lakini akifika kwenye "sheep" anapanda meli.

Jambo lililonifurahisha nilikuja kulijua baadaye. Hizo e mbili zamani Waingereza wenyewe walizisoma karibu kama sisi tunavyosoma "mzee". Enzi za Chaucer, yule mshairi wao aliyefariki 1400, "see" ilitoka mdomoni karibu na "see" ya Kiswahili. Caxton alipoleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi, lakini midomo ikaendelea na safari yake. Sauti ikapanda kutoka e hadi i, herufi zikabaki palepale. Kwa hiyo dogo wa darasa la tatu anayesoma "tree" kama "tre-e" asichekwe sana. Anasoma kama babu zao.

Mimi bosi hakuniita tena msimu ule, na sikumlaumu. Karatasi ya biskuti niliikunja nikaiweka kwenye pochi. Jioni nikipita darajani, pale Mto Themi, nilikuwa natamka peke yangu: heel, hill, heel, hill. Kuna mama muuza ndizi aliyeamini kabisa kwamba nimepagawa. Nilipopata kazi kwingine, mgeni akisema neno lolote linalofanana na hayo, nilikuwa nainama kwanza kutazama viatu vyake.

Wiki ijayo tutageukia o mbili, maana nazo zina kesi. Kuna mshkaji wangu wa Kijenge alikaribishwa chakula na wageni, akafuta sahani yote. Walipotaka kumwongeza akashika tumbo, akasema kwa adabu zote: "No thank you, I am fool."