MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE: NANI AIKAGUE NGOZI YA BIASHARA?

Wachuuzi wa Gikomba na Kongowea wana msemo ambao kila mpita njia anauelewa: bei ya kutupa. Anayeusikia hugeuza shingo, akasimama, akaanza kupekua. Katika kinywa cha mchuuzi, msemo huu ni mwaliko. Katika sheria za biashara ya kimataifa, dhana iyo hiyo ni shtaka. Nchi ikithibitisha kwamba bidhaa za kigeni zinauzwa sokoni mwake kwa bei ya kutupa, ina idhini ya kuzitoza ushuru wa ziada, na ushuru huo waweza kukiokoa kiwanda kilicho jirani au kukifunga kilicho ng'ambo. Kwa hivyo msomaji asistaajabu kwamba mada hii imebisha hodi katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Penye neno moja linaloweza kugeuza riziki za watu wengi, mwanafunzi wa lugha ana la kusema.

Swali ninalokusudia kulijadili ni hili: nchi inapotunga na kutekeleza sheria zake za kuzuia bei ya kutupa, je, pana haja ya kuwapo mwamuzi wa kimataifa wa kuikagua? Wapo wanaoshikilia kwamba haja hiyo haipo, kwa kuwa taifa huru halipaswi kusahihishiwa hesabu zake na watu walioketi Geneva. Msimamo wangu ni kinyume cha huo. Naonelea kwamba mwamuzi huyo anahitajika, na kwamba wanaomhitaji zaidi ni wanyonge wa biashara ya dunia, sisi Wakenya tukiwa miongoni mwao.

Tuanze kwa kufafanua dhana yenyewe, maana mjadala wa mitaani huivuruga. Bei ya kutupa kwa maana ya kisheria haimaanishi urahisi wa bidhaa peke yake. Shati la mtumba laweza kuuzwa kwa bei ya chini sana na bado shtaka hilo lisisimame. Kinacholinganishwa ni bei mbili: ile ambayo bidhaa inauzwa kwao inakotengenezwa na ile inayouzwa nje. Pale ambapo bei ya nyumbani haitegemeki, wachunguzi waweza kutumia gharama ya kuitengeneza bidhaa pamoja na faida ya kadiri. Bei ya nje ikiwa chini, bado shtaka halijakamilika. Ni lazima ithibitishwe kwamba viwanda vya nchi inayopokea bidhaa vimeumia, au vimo hatarini kuumia, na kwamba madhara hayo yametokana na bei hiyo wala si uzembe wa wenye viwanda wenyewe au sababu nyingine.

Sheria za namna hii zina umri mrefu. Kanada ilitunga yake mwaka 1904, na mataifa mengine yakafuata. Mwaka 1947, Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara uliitambua dhana hii katika Kifungu cha Sita. Lilipoanza kazi Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Januari 1995, Kenya ikiwa mwanachama tangu siku hiyo, pakawa na mkataba mahususi wenye masharti ya kina. Mathalan, tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2 ya bei ya kuuzia nje, uchunguzi hauna budi kufungwa. Uchunguzi wenyewe haufai kuzidi miezi 18. Ushuru unaotozwa hukoma baada ya miaka 5, isipokuwa mapitio yaonyeshe kwamba madhara yangeendelea au yangerejea. Hata hivyo, sharti lisilo na msimamizi ni mfano wa ua lisilo na mlango: kila mtu huingia na kutoka apendavyo.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anayechunguza shtaka la bei ya kutupa ni idara ya serikali ya nchi inayolalamika. Anayeleta shtaka ni kiwanda cha nchi hiyo. Anayefanya hesabu ni mtumishi wa umma wa nchi hiyo. Mshtakiwa pekee ndiye mgeni, na mgeni hapigi kura. Sidai kwamba wachunguzi wote ni waongo. Ninachosema ni kwamba ngozi ikiwa mikononi mwa mtu mmoja, itavutika upande wake hata pasipo na nia mbaya.

Mfano bora wa kuvutia huku ni mbinu ambayo, kwa kukosa istilahi iliyokubalika, nitaiita kusifurisha. Chukulia kiwanda kinachotengeneza shuka za aina mbili, kila moja ikiuzwa nyumbani kwa shilingi 1,000. Ng'ambo, aina ya kwanza inauzwa kwa shilingi 800 na aina ya pili kwa shilingi 1,200. Ukijumlisha na kugawanya, wastani ni shilingi 1,000, sawa na bei ya nyumbani, na shtaka halipo. Mchunguzi anayesifurisha hafanyi hivyo. Huichukua tofauti ya shilingi 200 katika aina ya kwanza akaiandika. Afikapo kwa aina ya pili, ambayo imeuzwa kwa shilingi 200 zaidi, huiandika sifuri. Jumla yake ni shilingi 200 juu ya mauzo ya shilingi 2,000, na ghafla kiwanda kina hatia ya asilimia 10. Hatia hiyo imezaliwa na kalamu ya mchunguzi, wala haimo katika bei.

Mwaka 2001, katika kesi iliyoletwa na India dhidi ya Jumuiya ya Ulaya kuhusu shuka za pamba, Baraza la Rufaa la Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba mbinu hii inakiuka mkataba. Marekani nayo ilishindwa katika kesi kadhaa zilizofuata za kusifurisha. Bila ya mwamuzi, India ingebaki kunung'unika. Nani angesikiliza hesabu ya mfumaji wa shuka dhidi ya hesabu ya Ulaya nzima?

Mifano miwili ya Marekani yatosha kuonyesha kwamba hata mwenye nguvu aliweza kuambiwa rudi nyuma. Sheria yake ya mwaka 1916 iliruhusu washindani kudai fidia mara tatu ya hasara yao, na hata waagizaji wa bidhaa kutozwa faini au kufungwa, kwa kosa la bei ya kutupa. Jumuiya ya Ulaya na Japani zilishtaki, na mwezi Agosti 2000 Baraza la Rufaa likathibitisha kwamba sheria hiyo haiafikiani na mkataba. Ilifutwa mwaka 2004. Mfano wa pili ni sheria ya mwaka 2000 iliyohusishwa na seneta Robert Byrd, ambayo iligawa ushuru uliokusanywa kwa makampuni yaliyoleta au kuunga mkono malalamiko. Tafakari, ndugu msomaji: mlalamikaji analipwa kwa kulalamika! Wanachama 11 waliishtaki Marekani, wakashinda mwaka 2003, na mwaka 2006 Bunge la nchi hiyo likapitisha kufutwa kwake, ingawa malipo yaliendelea kwa bidhaa zilizoingia kabla ya Oktoba 2007. Ni kweli kwamba utiifu huo ulichelewa. Lakini ulipatikana.

Sasa tuzikabili hoja za upande wa pili, maana haifai kumshinda asiyekuwapo. Ya kwanza ni ya uhuru wa taifa. Wanaoitoa husahau kwamba mwamuzi wa kimataifa hakatazi nchi kuwa na sheria ya kuzuia bei ya kutupa, wala haanzi uchunguzi upya. Mkataba wenyewe unamwagiza kwamba iwapo wachunguzi wa nchi waliuthibitisha ukweli wa mambo ipasavyo na kuupima bila upendeleo, asiutengue uamuzi wao hata kama yeye angefikia tofauti. Anachokagua ni uaminifu wa mwamba ngoma. Ngoma inabaki kuwa ya mwenyewe.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami naikubali kwa sehemu: kwamba mahakama ya Geneva ni ya matajiri. Kesi hizi zinahitaji mawakili, wahasibu na miaka ya subira. Lugha rasmi za Shirika la Biashara Duniani ni tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na hakuna hata moja iliyozaliwa barani mwetu. Kituo cha Ushauri wa Sheria za Shirika hilo, kilichoanzishwa Geneva mwaka 2001, hupunguza mzigo kwa nchi zinazoendelea, na Kenya na Tunisia ni wanachama wake. Hata hivyo, pengo lingalipo. Lakini je, dawa ya mahakama iliyo ghali ni kuibomoa mahakama? Mnyonge aliyekosa nauli ya kwenda mahakamani hasaidiki kwa kuchomwa kwa mahakama. Aliye na mabavu ndiye husherehekea moto huo.

Na kwa hakika moto umekwisha kuwaka. Baraza la Rufaa lilipaswa kuwa na wajumbe 7, na kila rufaa kusikizwa na 3. Marekani, ikilalamika kwamba baraza hilo limevuka mipaka ya mamlaka yake, hasa katika maamuzi ya kusifurisha, ilizuia uteuzi wa wajumbe wapya. Mwezi Desemba 2019 idadi ilishuka chini ya 3, na mwezi Novemba 2020 mjumbe wa mwisho akamaliza muda wake. Tangu hapo kiti kimekuwa kitupu.

Matokeo ya kiti kitupu yalibainika katika kesi ya kitu ambacho kila msomi anakijua: daftari la shule. Mwaka 2019 Moroko ilianza kutoza madaftari kutoka Tunisia ushuru wa kuzuia bei ya kutupa wa kati ya asilimia 15 na 28 hivi, kutegemea kiwanda. Tunisia ikashtaki. Hawa ni majirani wa Maghreb, wanaozungumza lugha moja, na waliotia saini pamoja Mkataba wa Agadir wa biashara huria mwaka 2004. Jopo la Geneva lilitoa ripoti yake tarehe 27 Julai 2021 na kukubaliana na Tunisia katika baadhi ya hoja zake. Kesho yake, tarehe 28 Julai, Moroko ikakata rufaa, na rufaa ikapelekwa kwa baraza lisilo na mjumbe hata mmoja. Kwa kuwa ripoti iliyokatiwa rufaa haiwezi kuidhinishwa kabla ya rufaa kuamuliwa, ushindi wa Tunisia ukawa wa karatasi. Simlaumu Moroko peke yake. Imefuata njia ambayo wakubwa, Marekani ikiwamo, wameipita. Ila funzo ni bayana: mwamuzi akiondoka, hata ndugu huacha kusikizana.

Kenya yahusikaje? Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha asasi ya kuchunguza malalamiko ya aina hii. Kwa maneno mengine, nasi tumepewa ngoma ya kuwamba. Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mkataba unataka malalamiko yaungwe mkono na wazalishaji wenye angalau asilimia 25 ya uzalishaji wa bidhaa hiyo nchini. Katika nchi ambayo wazalishaji wengi ni mafundi wa jua kali na wakulima wadogo, asilimia hiyo itapatikana vipi ikiwa istilahi, fomu na matangazo ya uchunguzi yanaeleweka na mawakili pekee? Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Sisi hatujashtakiwa kwa kosa hilo, pengine kwa sababu hatujalitenda.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali yetu iendelee kudai, pamoja na mataifa mengine ya Afrika, kurejeshwa kwa rufaa ya kweli. Wakati huohuo iupime mpango wa muda wa usuluhishi wa rufaa ulioanzishwa na baadhi ya wanachama mwaka 2020, ambao Benin imo. Pili, asasi yetu ya uchunguzi itoe matangazo na fomu zake kwa Kiswahili sanifu. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viunde kamati ya istilahi za biashara. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na Eneo Huria la Biashara la Afrika ni mradi wa Umoja huohuo. Madaftari yatakapogombaniwa tena, huenda ikawa kati yetu na jirani.

Shime basi, wapenzi wa lugha. Mchuuzi wa Kongowea ameshatupa neno la kuanzia. Tukilichukua, tukalifafanua na kulirudisha kwake likiwa na maana ya kisheria, atajua ni lini bei ya kutupa ni bahati yake na ni lini ni msiba wa fundi aliye kibanda cha pili. Naye akishajua, atakuwa na haki ya kuuliza jambo ambalo kila mwamba ngoma, wa hapa au wa ng'ambo, angependa lisiulizwe: ngozi hii imevutwa upande gani?