Majini Wanasema Kiswahili, Waandishi Tumenyamaza

Kila mwaka ni mabishano yale yale: gemu za Wajapani zimekufa, hapana, zimefufuka, Wamarekani wameshika usukani, hapana, wameishiwa. Hapa Mtwara vijana wanabishana hivyo kuanzia Chikongola hadi Mikindani, kwa jazba ile ile ya Simba na Yanga. Na sisi watu wa fasihi? Tumekunja nne pembeni, tunasema huo ni mchezo wa watoto waliokimbia vitabu. Msimamo huo naupinga. Mabishano haya ni ya usimulizi kuliko mada nyingi tunazosomeana kwenye makongamano.

Tuanzie kwenye banda la gemu. Kwa miaka mingi mfalme wa mabanda yetu alikuwa PES, gemu ya mpira ya Konami ya Japani. Leseni za klabu nyingi haikuwa nazo: Liverpool iliitwa Merseyside Red, Manchester United ikawa Man Red, na hakuna aliyejali, maana pasi zilikuwa tamu. Kisha FIFA ya kampuni ya EA ya Marekani ikatamba na majina halisi, jezi halisi, viwanja halisi. Mwaka 2018 Konami ikapoteza hata Ligi ya Mabingwa Ulaya, na 2021 ikalizika jina la PES, gemu ikaitwa eFootball. FIFA nayo ilibadilika jina 2023 ikawa EA Sports FC, ingawa mabandani bado ni FIFA tu. Cha kuchekesha, mashine yenyewe, PlayStation, ni ya Sony, Wajapani wale wale.

Wengi wanaishia hapo: Mzungu kashinda, basi. Hao wamesoma sura moja wakafunga kitabu.

Mwaka 2009 Keiji Inafune, mmoja wa vigogo wa Capcom, alisema hadharani kwamba tasnia ya gemu ya Japani imekwisha. Dawa iliyotafutwa ikawa kuiga. Resident Evil 6 ya 2012 iligeuzwa risasi na milipuko, hofu iliyoipa jina ikapungua, na wahakiki wengi hawakuisamehe. Devil May Cry wakapewa Waingereza wa Ninja Theory waivishe sura mpya. Ilipotoka 2013, mashabiki wengi wa zamani walikuja juu.

Lakini wakati huo huo Hidetaka Miyazaki wa FromSoftware alikuwa anakwenda njia yake. Dark Souls ya 2011 ina ngome na mashujaa wa Kizungu, sawa, ila namna ya kusimulia ni yake: hadithi imefichwa ndani ya maelezo ya pete na panga, mchezaji anaiokota kipande kwa kipande. Elden Ring, iliyotoka 2022 kwa mtindo huo huo, imeuza nakala zaidi ya milioni 20. Persona 5 ya 2016 nayo inamtembeza mchezaji Tokyo, shule, treni na yote, bila kumwomba mgeni radhi. Leo anayeiga ni nani? Mwaka 2025 studio ya Kifaransa, Sandfall, ilitoa Clair Obscur, ambayo mapigano yake ni ya kupokezana zamu kama kwenye gemu za Kijapani za zamani. Walioambiwa wamekwisha sasa wanaigwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: Wajapani walipotea walipoacha kusimulia kwa sauti yao, wakarudi walipoirudia. Sasa tujiulize, sauti yetu iko wapi?

Iko humo humo kwenye gemu, jamani, ila haisemwi na sisi. Resident Evil 5 ya 2009 imewekwa katika eneo la Kiafrika la kubuni. Maadui zake wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Halo 2 ya Wamarekani, mwaka 2004, ilipeleka vita vya anga kwenye mji ulioitwa New Mombasa. Mwaka 2018 Civilization VI iliongeza Kilwa Kisiwani, jirani zetu hapo Lindi, kati ya maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kujenga. Japani imechukua jini, Marekani imechukua bandari na magofu. Kuchukua sikupingi, hadithi husafiri. Kinachoniuma ni lugha yangu kuwekwa kinywani mwa watu wa kupigwa risasi, na mchezaji asihitaji kuelewa wanasema nini.

Utaniambia pesa hatuna. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, walichangisha fedha wakatoa Aurion mwaka 2016, gemu ya ulimwengu waliouwaza wenyewe. Na sisi tunaoishi jirani na Ruvuma tuna nini? Tuna Wamakonde, ambao kwa miongo mingi wamechonga mashetani wa mpingo: jicho moja, mdomo umepinda, mguu umetokea begani, kila mmoja na tabia yake. Tuna mapiko, kinyago kinachocheza na kutisha kijiji. Ukilinganisha na hazina hiyo, jini wa Capcom ni mchanga sana. Tunachokosa ni mwandishi wa kukaa na kijana anayejua kuandika programu, amwandikie mazungumzo, njama na wahusika. Kijana huyo atajifunza usimulizi kwa nani, kama mwandishi anamwona mhuni?

Watoto wa mabandani hawatusubiri. Wanakua na hadithi ndefu kuliko riwaya zetu nyingi, na karibu zote ziko katika lugha za wengine. Mhakiki anayejiita mtetezi wa Kiswahili aanze na kazi ndogo: aingie bandani, aombe Resident Evil 5, asikilize hao Majini wanasema nini, kisha aandike uhakiki wake hapa.