Kabla ya Kwenda Kuona Bahari, Tuwakumbuke Wanaokuja Kuona Kibera

Zamani, neno "mtalii" lilipotajwa katika nchi hii, mawazo ya kila mtu yalikwenda kwa Mzungu aliyevaa kaptura na kuning'iniza kamera shingoni. Mwananchi yeye hakuwa mtalii. Alisafiri kwa maziko, kwa arusi, kwa kesi ya shamba au kwa kutafuta kazi. Kusafiri kwa sababu ya kutembea tu na kutazama lilikuwa jambo la watu wengine.

Siku hizi mambo yamebadilika, nami nasema yamebadilika kwa heri. Tangu treni ya Madaraka ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari ambayo ilikuwa ya kukesha usiku kucha imekuwa ya saa tano au sita za mchana. Fundi cherehani wa Makina, mama muuza nguo wa soko la Toi, kijana wa bodaboda wa Gatina, wote leo wanasema, "Disemba tutakwenda kuona bahari," na hakuna anayewacheka. Maadamu bahari ni ya Mungu na nchi ni yetu sote, kwa nini wasiende?

Mimi ni mtu wa pwani niliyekaa Nairobi miaka mingi kwa kazi ya kalamu. Kwa kuwa wanajua kwetu ni Mombasa, vijana wa chama kimoja cha akiba huko Kawangware, karibu na steji ya 46, waliniletea mpango wao wa matembezi ya siku nne ili niutazame. Wenzao kadhaa wanakaa Kibera. Mpango ulikuwa umeandikwa vizuri kwa mkono: treni; chumba karibu na ufuo wa Bamburi; kupanda ngamia; kupanda mashua yenye kioo chini; kupiga picha chini ya Pembe za Ndovu; usiku, Mtwapa. Na mwisho kabisa, kwa wino mwekundu, wakaandika kuwa wakijaliwa, mwaka mwingine watavuka ng'ambo waende Pattaya, ule mji wa starehe ulio kando ya bahari katika nchi ya Thailand, ambao picha zake wamezitazama mpaka wamezihifadhi.

Niliusoma mpango ule mara mbili. Hesabu zake zilikuwa sawa. Nilichokikosa humo ni mtu. Hapakuwa na hata mstari mmoja uliotaja mwenyeji: nani wa kumwuliza, nani wa kumsalimu, nani wa kujifunza kwake. Mombasa yote ilikuwa mchanga, maji, mnyama na chupa.

Sitaki msomaji adhani kuwa nawakebehi vijana hao. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na kwa mtu anayelipwa kibarua cha siku, kwenda na kurudi ni jasho la siku kadhaa kabla hajala wala hajalala. Mtu aliyejinyima hivyo ana haki ya kufurahi. Lakini hao hao, zaidi ya watu wengine wote wa nchi hii, wanajua uchungu wa kutembelewa na mgeni asiyewaona.

Nani asiyejua kwamba Kibera nayo ni mahali pa matembezi? Tangu ilipotengenezwa huko ile filamu iitwayo The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, na tangu mkutano mkubwa wa World Social Forum uliofanyika Nairobi Januari 2007, wageni wamezidi kufika. Wapo wanaolipa ada, wakapewa kiongozi, wakapita vichochoroni kutoka Makina hadi Laini Saba, wakasimama juu ya reli, wakapiga picha za mabati, mitaro na watoto. Wapo wema kati yao, na zipo familia zilizonufaika kwa kuuza shanga na vinyago vya mifupa. Lakini muulize mama anayefua nguo mlangoni pake, akatahamaki amelengwa kamera na mtu ambaye hakumwambia hata "habari". Atakwambia kuwa hakuibiwa kitu, na hata hivyo ameibiwa.

Na mgeni asiyeuliza mwenyeji hurudi kwao na uongo. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kuwa Kibera ina watu milioni moja na zaidi, ilhali sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000. Aghalabu huondoka bila kujua kuwa jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Wala kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwakalisha hapo askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Wala kwamba wajukuu wa askari hao walidai haki yao miaka na miaka, mpaka mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288. Hayo yote yako Makina, na mzee yeyote barazani angeyasimulia. Lakini picha haina masikio.

Basi nikawauliza wale vijana: je, mama wa Mji wa Kale aliyekaa mlangoni na buibui lake, mkimlenga simu zenu bila salamu, ana tofauti gani na mama wa Laini Saba? Walinyamaza. Kisha mmoja wao akasema, "Lakini sisi si Wazungu, mzee." Nikamjibu kuwa macho ya kutazama watu kama vitu hayana rangi.

Na kwa kuwa waliitaja Pattaya, niliwaeleza kisa chake kwa ufupi, nami nakirudia hapa. Mji huo uko katika mkoa wa Chonburi, kiasi cha kilomita 150 kutoka Bangkok. Kabla ya miaka ya 1960 ulikuwa kijiji cha wavuvi. Ikaja vita ya Vietnam, na askari wa Marekani waliokuwa katika kambi za Thailand wakawa wanapelekwa ufuoni hapo kupumzika. Askari aliyetoka vitani hakuja kuuliza habari za wavuvi. Alikuja na fedha na haja zake, na mji ukajitengeneza kwa sura ya haja hizo. Vita vikaisha mwaka 1975, askari wakarudi kwao, lakini biashara ya usiku ikabaki na ikakua, nayo ndiyo iliyoupa mji jina duniani. Kumbe huko huko kuna jumba kubwa ajabu la mbao zilizochongwa, linaloitwa Sanctuary of Truth, lililoanza kujengwa mwaka 1981, na kuna kisiwa cha Koh Larn chenye maji mazuri. Vijana wangu, pamoja na picha zote walizozitazama, hawakuwa wamesikia habari za mafundi wa jumba hilo.

Sisemi hayo kuwasema watu wa Thailand. Nasema kwa sababu mji hufuata mgeni anachokitaka, na pwani yetu haikusalimika na kanuni hiyo. Baada ya mapatano ya mwaka 1980 kati ya Kenya na Marekani, manowari za Marekani zilikuwa zikitia nanga Kilindini na mabaharia wao wakishuka mjini kwa maelfu. Wazee wa Mombasa wanakumbuka namna mitaa fulani ilivyogeuka. Leo mgeni ni ndugu yetu kutoka Kawangware. Naye akija akitaka chupa na usiku tu, tutamjengea chupa na usiku. Akija akiuliza historia, ufundi, chakula na lugha, vijana wetu watajifunza kuvieleza, na riziki itapatikana humo.

Msomaji atauliza: je, matembezi ya siku chache yanatosha kumjua mtu? Namjibu kwa Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hakuwa na kamera. Lakini alituachia habari kwamba watu wake walikuwa wacha Mungu, kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao na iliyojengwa vizuri, kwamba chakula chao kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba mtu aliosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Na kabla ya hapo, Mogadishu, aliona desturi ambayo mimi naipenda kuliko zote: jahazi likifika, vijana wa mji walilifuata kwa vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Hapakuwa na mgeni asiye na mwenyeji.

Sisi tuliosomea chuoni, tukikaa juu ya mkeka mbele ya maalimu, tulifundishwa adabu hiyo kabla ya hesabu: usiingie nyumba isiyo yako mpaka uombe idhini na uwasalimu wenyewe. Agizo hilo limo katika Sura ya An-Nur. Kwa maoni yangu mji wa watu nao ni nyumba, na agizo halibadiliki kwa sababu mlango ni stesheni ya treni.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka akiba ya chumba, wekeni akiba ya habari. Ulizeni mwezi. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Mgeni asiyejua hayo hufuata maji yaliyokupwa mpaka mwambani, akifurahia, kisha maji yanarudi nyuma yake naye hajui kuogelea. Ulizeni pepo: wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari aghalabu huwa tulivu, na wakati wa kusi huchafuka. Mvuvi yeyote atawaeleza bila malipo, na mkimwuliza mtakuwa mmekwisha kupata mwenyeji wa kwanza.

Nendeni Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waarabu wa Omani kuanzia 1696 hadi 1698, na ambayo Waingereza waliifanya jela mpaka 1958. Kisha tokeni humo mwingie Mji wa Kale kwa miguu, mtoe salamu, mnunue mahamri na mbaazi kwa mama anayeyapika. Ninyi mnaotaja Mtwapa kwa ajili ya usiku, jueni kuwa karibu nayo uko mji mzima wa mawe ulioachwa na wenyewe karne nyingi zilizopita, Jumba la Mtwana, na msikiti wake unatazama bahari. Bamburi pana machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa jangwa tupu, na tangu 1971 yakapandwa mivinje mpaka yakawa msitu wenye wanyama. Kijana wa Kibera, ambaye jina la mtaa wake ni msitu usiokuwapo tena, ana jambo la kulifikiri hapo. Na feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi.

Nisipowakemea watu wa kwetu pia nitakuwa nimependelea. Sisi tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", lakini siku hizi tunachagua mgeni. Nimeona kwa macho yangu, katika lango la hoteli moja ya ufuoni, askari akimpisha mgeni wa ng'ambo kwa saluti, na nyuma yake familia ya Kiafrika ikasimamishwa na kuulizwa inakwenda wapi na ina nini mikobani. Wako wachuuzi wetu wanaosikia lafudhi ya bara wakazidisha bei, na wako wanaosema "hawa wa bara" kwa sauti ambayo sisi wenyewe tusingeipenda kusikia Nairobi. Na zile njia nyembamba za umma za kushukia baharini, zinazozidi kuzibwa kwa kuta, zinawazuia watoto wa Bamburi sawasawa na watoto wa Kawangware. Hapo haja yetu ni moja, na ingefaa tuidai pamoja.

Wale vijana waliniomba niwaandikie ubeti wa kubandika mbele ya daftari lao la chama. Niliwaandikia huu:

Mgeni kwenda kwa watu, kwanza hodi huibisha,
Hauoni mji kitu, cha macho kufurahisha,
Mwenyeji pia ni mtu, mwenye nyumba na maisha,
Asafiriye na utu, safari humwelimisha.

Tangu hapo wameufuta usiku mmoja wa Mtwapa, wakaandika mahali pake "Jumba la Mtwana, asubuhi, maji yakipwa". Ngamia wamembakisha, nami sikuwapinga. Pattaya nayo imebaki kwa wino wake mwekundu, ila chini yake mmoja wao ameongeza kwa kalamu ya risasi: "Tutafute kwanza mtu wa huko wa kumwuliza."