Kasiksi si aibu, lakini maji yake tuyachunge

Leo tuongee juu ya pombe. Msicheke kwanza.

Juzi ndugu mmoja wa mjini Goma aliniletea chupa ya pombe ya Ubelgiji. Inaitwa saison, maana yake majira. Ni pombe ya wakulima wa Hainaut, upande wa Wallonie. Zamani waliipika wakati wa baridi, wakaitunza, kisha wakati wa joto wakawapa vibarua wa shamba. Mpaka leo kiwanda cha Dupont, katika kijiji cha Tourpes, kinaipika shambani.

Tulionja watu wanne. Povu jingi, rangi kama asali, utamu kidogo, halafu inakauka mdomoni. Mzee mmoja aliyekimbia vita kutoka Rutshuru akasema, "Hii ni ndugu ya kasiksi." Tukacheka, lakini mzee alisema kweli.

Kasiksi nayo ni pombe ya shamba. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachujwa, unaongeza unga wa mtama uliokaangwa, unaacha ichachuke. Huko vijijini, aliyekuja kukusaidia kulima hakurudi kwake bila kopo moja. Wabelgiji waliwapa vibarua wao, sisi tuliwapa wetu. Tofauti ni kwamba yao imewekwa katika chupa nzuri na inauzwa duniani kote, na yetu inaitwa pombe ya maskini.

Mimi nakataa dharau hiyo. Hapa kambini kuna mama ambaye shamba lake limebaki nyuma ya vita. Ananunua ndizi, anakamua, anauza kopo kwa kopo, na kwa hiyo anapata unga na sabuni ya watoto. Huyo anafanya kazi. Anayemfukuza bila kumpa kazi nyingine anawafukuza watoto wake kwenye chakula.

Lakini mama, unisikilize nawe. Hapa tunaishi juu ya mawe ya volkano, maji ni shida, na mwishoni mwa 2022 kipindupindu kilitupiga. Usidanganyike kwamba uchachu unaua kila mdudu. Maji unayoongeza, yachemshe kwanza, yapoe. Bidoni iwe safi, makopo yaoshwe kwa maji safi na sabuni. Najua makala ni ghali. Ndiyo maana ninawaomba wanaoleta maji kambini wawafikirie pia wapika kasiksi: wakipata maji safi, wanywaji wote wanalindwa.

Na wewe baba, kopo moja jioni pamoja na wenzako si kosa. Kosa ni kuuza unga wa msaada ili upate la tano. Kanyanga nayo si kasiksi: ni kali, na ikipikwa vibaya inapofusha macho, inaua. Watoto wasipewe hata tone.

Chupa ile ya Ubelgiji ilikuwa tamu, sikatai. Ila siku amani itakaporudi, kopo la kwanza nitalinywa Rugari, penye migomba, mikononi mwa mama aliyelipika kwenye shamba lake mwenyewe.